Ada ya Chama cha Bodaboda na Haki ya Dereva

Na Salehe Mkwizu

Dereva wa bodaboda nchini Tanzania huruhusiwa kuegesha kijiweni, yaani mahali panapotambuliwa kuwa pa kungojea abiria, baada ya kutoa kiingilio, na huendelea kuchangia ada katika chama cha kijiwe hicho. Faida ya fedha hizo haipimwi kwa nafasi ya kuegesha peke yake, kwani hatari kubwa ya kazi hii ni ajali, na hapo ndipo dereva huachwa mikono mitupu.

Bima ya lazima, ambayo wengi huiita bima ndogo, huwalinda watu wengine wanaodhurika kutokana na chombo. Dereva akiteleza mwenyewe akavunjika mguu, haimlipi. Akiwa na pikipiki ya mkataba, ambayo humpelekea tajiri wake hesabu ya kila siku hadi itakapokuwa mali yake, basi siku anazolala kitandani chakula hukosekana huku hesabu ikilimbikizwa.

Mfuko wa kumsaidia aliyeumia ndio sababu halali ya kutoza ada. Kuna vijiwe, hata hivyo, ambako ada hukusanywa mwaka mzima, lakini dereva mmoja akianguka, kofia hupitishwa upya kutafuta nauli ya hospitali, na hakuna anayethubutu kuuliza zile za mwanzo zilikwenda wapi. Hiyo ni dhuluma, tena kwa watu wanaoipata fedha kwa kuhatarisha viungo vyao. Dawa yake haihitaji utaalamu: daftari lenye jina, tarehe, kiasi na sahihi ya mhazini, linalosomwa mbele ya wanachama wote, pamoja na katiba inayotaja aliyelazwa atapewa nini na baada ya siku ngapi.

Ada, ambayo ikishatolewa hairudi, isichanganywe na akiba na hisa za SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ambazo hubaki kuwa mali ya mwanachama na humwezesha kukopa anunue pikipiki yake mwenyewe. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS hutakiwa kuwa na leseni.

Dereva aombe kuona katiba na daftari kabla ya kutoa kiingilio, na akinyimwa, fedha zake azipeleke kwenye SACCOS yenye leseni.