Deni ni lako, namba za wateja wako siyo dhamana

Wadau wa Nyakato, tuongee kuhusu hii mikopo ya simu. Mtu anachukua laki moja kuongezea mtaji wa dagaa, rejesho linachelewa siku mbili, mara mteja wake wa Buzuruga anapokea meseji: "Huyu ni tapeli, mwambie alipe." Huyo mteja hajamdhamini mtu! Namba yake ilichukuliwa siku ile mkopaji alipobonyeza "ruhusu" kwenye simu.

Wengi wanakaa kimya kwa aibu, na kimya hicho ndicho kinawapa hao wadai nguvu.

Kenya kuna waliokataa. Walilalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kwamba kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, ilitumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kupiga simu na kutuma meseji za vitisho. Septemba 2023 ikapigwa faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya.

Kwetu sheria ipo pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Halafu Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kwa hiyo uliza leseni kwanza, pesa baadaye.

Najua kuna atakayesema "si ulipe tu deni." Deni lilipwe, sitetei wakwepaji. Mimi mwenyewe nakopesha bidhaa dukani, na asiyelipa namfuata yeye, siendi kwa mama mkwe wake.

Sasa usifute hizo meseji hata zikikuchefua. Piga skrinishoti, namba na tarehe vionekane. Mteja aliyetumiwa naye atunze yake, maana taarifa zake ndizo zilizotumika na yeye ana haki ya kulalamika. Meseji za muamala za kila rejesho ziweke pia.

Na kwa mliokopa benki, ukimaliza omba barua ya kumaliza deni. Benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na deni ulilolipa likibaki linasomeka, utanyimwa mkopo mwingine. Ukiwa na barua mkononi, rudi kwa aliyekukopesha umdai arekebishe rekodi, na malalamiko yako yawe ya maandishi.