Aliyemvua Silikanti Naye Atajwe

Desemba 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah alitoka na ngalawa usiku katika bahari ya kisiwa cha Anjouan, Komoro. Mshipi ukanasa samaki mkubwa mwenye magamba magumu. Kesho yake samaki akafika sokoni, na nusura apaliwe magamba na kukatwa vipande. Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, ndiye aliyemtambua: picha yake ilikuwa kwenye tangazo lililoahidi zawadi ya pauni 100. Wanaume wakambeba kuvuka milima mpaka Mutsamudu, alikokuwa nahodha Eric Hunt, aliyekuwa amelisambaza tangazo hilo.

Huyo alikuwa silikanti. Wataalamu walimjua kwa visukuku tu, wakiamini kizazi chake kilitoweka pamoja na dinosau, miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Profesa J.L.B. Smith alimwita Latimeria, kwa heshima ya Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho aliyemwokoa asitupwe. Hapo heshima ilimfikia mwenye kuistahili.

Kwa Wakomoro hapakuwa na kiumbe kipya. Walimwita gombessa, wakamvua mara moja moja, na inasimuliwa kwamba magamba yake yalitumika kukwaruza mipira ya baiskeli kabla ya kuziba pancha.

Ilipohitajika ndege ya kumchukua samaki wa Abdallah, Smith alimwomba Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan, akapewa ndege ya kijeshi. Kwa kuwa samaki alikosa pezi moja la mgongoni, Smith alidhani ni spishi nyingine, akaiita Malania anjouanae. Waziri Mkuu aliyekuwa akiujenga ubaguzi wa rangi akapewa samaki wa mvuvi Mwafrika. Baadaye ilibainika kwamba samaki ni yuleyule Latimeria aliyepungukiwa pezi tu, na jina la Malania likaachwa.

Mambo hayakuwa tofauti bara. Fuvu la kale la jamii ya binadamu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959 liliitwa Zinjanthropus boisei, kwa heshima ya Charles Boise, mfadhili wa London. Kamoya Kimeu, aliyeanza kuchimba na akina Leakey mwaka 1960 na kuwa mmoja wa wavumbuzi hodari wa visukuku duniani, alisubiri miaka mingi kabla ya jina lake kupewa viumbe wa kale, kama sokwe aliyeitwa Kamoyapithecus mwaka 1995. Mfadhili ana haki ya kushukuriwa. Lakini kumtanguliza yeye kila mara, huku aliyeinamia udongo akibaki kibarua asiye na jina, ni dhuluma.

Jambo hili linawahusu watu wa Kaunti ya Kilifi moja kwa moja. Mwaka 2001 meli ya uvuvi ilimnasa silikanti katika bahari ya Malindi, wa kwanza kujulikana nchini Kenya, mwenye uzito wa kilo 77 hivi. Makumbusho ya Malindi yamewahi kumwonyesha. Mtoto wa Ganda anaweza kufika pale kwa bodaboda, na anastahili kusoma zaidi ya jina la Kilatini na idadi ya miaka. Asome mabaharia walikuwa akina nani, nyavu zilishushwa kina gani, nani aliona kwamba samaki huyu si wa kuuzwa. Popote majina hayo yanapopatikana, yaandikwe kwa herufi kubwa kama ya profesa.

Kuna faida nyingine pia. Tangazo lile la zawadi, lililotolewa na Smith, lilifanya kazi kwa sababu lilimfikia mwalimu kijijini. Vikundi vya wavuvi vya Mayungu na Ngomeni vikipewa picha ya silikanti, namba ya simu ya makumbusho na ahadi ya maandishi kwamba mvuvi atatajwa katika kila ripoti, silikanti mwingine hataishia kwenye kikaango. Ofisi ya uvuvi ya kaunti na Makumbusho ya Taifa zinaweza kuanza mwaka huu, na gharama ni karatasi chache.