Mtoto wa Bwera asisubiri sekondari kujifunza Kiswahili na biashara

Biashara kati ya Bwera na Kasindi haitenganishi masomo. Mnunuzi wa kahawa hupima uzito, hubadilisha faranga ya Kongo kuwa shilingi, hupatana bei kwa Kiswahili au Lhukonzo, kisha hukabiliana na karatasi za forodha, yote asubuhi moja. Je, shule za Kasese zinamwandaa mwanawe kwa kazi ya namna hiyo?

Mwanzoni, ndiyo. Tangu 2007, Uganda hufundisha darasa la kwanza hadi la tatu kwa mada. Kila muhula una mada zake, kama vile jamii yetu, usafiri, au chakula na lishe, na ndani ya mada hizo mtoto husoma, huandika na kuhesabu. Lugha ya kufundishia ni ya nyumbani. Kwa watoto wengi wa Bwera hiyo ni Lhukonzo, ndugu wa Kinande kinachosemwa Beni na Butembo.

Darasa la nne ni mwaka wa mpito. Kiingereza kinashika usukani, masomo yanatengana, na macho yanaelekea mtihani wa darasa la saba: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Kiswahili hakimo.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umerudisha kazi za miradi na kufanya Kiswahili na ujasiriamali kuwa vya lazima. Lakini ni kwa kidato cha kwanza na cha pili tu. Baadaye ni hiari. Kazi za mwanafunzi shuleni zina asilimia 20 ya alama, mtihani wa mwisho 80.

Anayeumia ni mtoto anayeishia darasa la saba na kuingia sokoni. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima hadi shule za msingi. Pendekezo hilo likibaki kwenye makabati, soko limepanuka lakini mtoto hajaongezewa kitu.

Wafanyabiashara wenye watoto shuleni wana la kudai katika mikutano ya wazazi: kuanzia darasa la nne, muhula mmoja kila mwaka uwe na mradi wa soko la mpakani. Mizani, risiti na bei ya kubadilisha fedha havihitaji bajeti kubwa.