Fiston Mwanza Mujila aingie katika maktaba yetu



Tukiulizwa mwandishi wa Kongo, tunajibu majina yale yale ya kitabu cha Kifaransa, na wengi wao walisha kufa. Leo miye nataka kuwajulisha mumoja ambaye iko hai. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa mwaka 1981 mu Lubumbashi, mji tunaoufikia kwa gari la moshi. Siku hizi anakaa Graz, katika Austria, na pale amefundisha fasihi ya Afrika kwenye universite.

Anaandika mashairi, michezo ya teatri na romani, kwa Kifaransa, na Kijerumani nacho kimeingia katika kazi yake. Lakini akisimama mbele ya watu, pamoja na wapiga saksofoni na ngoma, hasomi kama siye, mikono kando na macho chini. Ananong'ona, ananguruma, anarudilia neno mpaka linageuka muziki. Amesema mwenyewe kama alitamani saksofoni. Chombo kilikosekana, basi kuandika njo kukawa saksofoni yake. Wazee wanaojua kasala ya Baluba hawatashangaa, kwa maana naye anaita mashairi yake kasala.

Romani yake Tram 83 ilitoka Paris mwaka 2014, ikapata Etisalat Prize ya 2015. Ni habari ya mji wa migodi wenye gare isiyomalizika kujengwa, watu wa kila taifa wanashuka pale kutafuta pesa. Nani hapa Kamina hatafahamu? Njia za Lubumbashi, Kananga na Kalemie zinakutana kwetu. Siye ni watoto wa shemendefere.

Sasa neno gumu. Tram 83 ni jina la baa, na ndani yake ulevi na umalaya havikufichwa. Wengine watasema: kitabu kile katika shule ya Kiprotestanti, hapana! Nafahamu woga wao, na siombi wapewe wadogo wa mwaka wa saba. Lakini Mwanzo 9 haikuficha ulevi wa Noa, na mwana mpotevu wa Luka 15 hakumaliza mali yake kanisani. Mwandishi anatuonyesha vile mbio ya madini inavyokula watu. Vijana wangapi wameacha masomo juu ya migodi? Afazali tusome habari hiyo pamoja na mwalimu kuliko kuisikia ku soko.

Tena tunachekana bure. Mwanafunzi akichanganya Kiluba, Kiswahili na Kifaransa, tunamwambia hajui hata lugha moja. Mwanza Mujila amekulia katika mchanganyiko kama huo, na Kifaransa chake kinapiga ngoma kwa sababu yake.

Bwana Prefe, na ninyi waalimu wa Kifaransa, naomba nakala moja tu kwa wakubwa wa humanite. Na siku ya mashairi, mumoja wetu asome ukurasa mumoja kwa sauti, hata wale wa nyuma kabisa wasikie.