Uso wa Nyumba ya Buruburu

Wiki iliyopita nilikuwa Nairobi kumjulia hali dada yangu, aliyetoka edani karibuni. Nilidhani nakwenda kunywa chai na kuomba dua; kumbe nilikuwa nimewekewa kikao.

Nyumba aliyoachiwa na marehemu iko Buruburu. Ni ya chini, isiyo ghorofa, yenye paa la vigae vyekundu, katika zile zilizojengwa miaka ya 1970. Rangi imebabuka, madirisha ya chuma yameshika kutu, na mbao za ukingo wa paa zimeoza. Mwanawe mkubwa, afanyaye kazi Doha, ameahidi kuleta fedha ili nyumba ipate uso mpya: ukuta wa futi tisa, vigae vya kung'aa mbele, na vyumba viwili vya maduka mahali pa bustani. Mama hataki maduka. Binti akaninong'oneza, “Mjomba, sema naye wewe. Sisi hatusikii.”

Kabla ya kusema naye nilizunguka mtaa. Wenye kuikumbuka Buruburu ya zamani wanajua jinsi nyumba zake zilivyopangwa kuzunguka viwanja vya watoto. Leo mbele ya nyumba nyingi pameota maduka, saluni na vyumba vya kupangisha. Siwalaumu, kwani mwenye kutafuta rizki ya halali ana udhuru wake. Lakini jirani mmoja, bibi mtu mzima, alinipeleka jikoni kwake. Dirisha lake sasa linatazama ukuta ulio umbali wa mkono mmoja, naye huwasha taa saa sita za mchana. Haki ya jirani tunaihubiri sana. Pale niliiona imezibwa kwa mawe.

Tena kuna sheria. Kuongeza chumba kunahitaji idhini ya Kaunti, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Asiyeichukua asishangae siku akiamka na kukuta alama ya X nyekundu ukutani mwake.

Lililonitia hofu zaidi, hata hivyo, si Kaunti. Nyumba ile ni mirathi isiyogawanywa. Mjane ana thumuni yake, na kilichobaki ni cha watoto, mwana fungu mawili na binti fungu moja. Kijana akijenga maduka kwa fedha zake juu ya mali ya wote, je, fedha hizo ni hiba, ni deni, au ni ubia? Kodi ya maduka itakuwa ya nani? Leo wanapendana, na hakuna anayeuliza. Nimeketi katika suluhu nyingi za ndugu, na nyingi zilianza na wema wa namna hii usioandikwa.

Nikampigia Doha usiku, tukasemezana kwa muda mrefu. Mwisho akanyamaza, kisha akasema, “Mjomba, wenzangu wanaonyeshana picha za nyumba za kwao. Mimi naona haya kuitoa ya baba.” Basi hapo nikaelewa kwamba maduka hayakuwa shina la jambo.

Nikamwambia kwamba wazee wetu wa Lamu waliacha kuta za nje wazi, wakaweka fahari mlangoni na katika zidaka za ndani, wala hakuna aliyewaona mafukara. Nyumba ya baba yake haihitaji sura ya kuazima, inahitaji kutibiwa. Kwanza maji: vigae vilivyopasuka vibadilishwe, mbao zilizooza zitolewe, mifereji ya paa izibuliwe kabla ya mvua za Machi. Kisha kuta ziachwe zikauke sawasawa, kwani rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu huufungia maji ndani, na baada ya mwaka itabambuka tena. Madirisha yapigwe msasa mpaka chuma kionekane, yapakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo ya juu ifuate. Vigae vya kung'aa havizuii paa kuvuja.

Akakubali, na maduka yangoje mpaka mirathi ipite kwa Kadhi. Kuhusu ukuta alishikilia, kwa kuwa mama na mabinti wako peke yao, na hofu hiyo sikuweza kuidharau. Dada yangu ndiye aliyepata njia: mawe yaishie kifuani, juu yake nondo. “Nimwone anayepita,” alisema, “na anayepita ajue nipo.”

Fundi anaanza Jumatatu. Gharama ya paa na rangi kijana ametamka mbele ya wote kuwa ni hiba kwa mama yake, na binti ameiandika. Limebaki jambo la rangi yenyewe. Mabinti wanataka kijivu, kama nusu ya Nairobi siku hizi. Mama anataka nyeupe na mlango wa kijani, kama alivyouacha marehemu. Nilipopanda treni kurudi Mombasa walikuwa hawajaafikiana.