Kilabu Kijengwe Wapi?

Ndugu msomaji, tuseme jirani yako hapa Mvumi amejenga nyumba. Amefyatua tofali, ameezeka bati, ameweka viti na spika mbili. Wewe hukujali, kwani kila mtu ana haki ya kutafuta riziki. Jumamosi spika zaanza kunguruma, wacheza kigodoro wanaletwa, na saa 8 za usiku mwanao wa darasa la tatu anachungulia dirishani badala ya kulala. Ukienda kulalamika waambiwa: "Mimi nina leseni." Je, utafanyaje?

Wengi wetu hukimbilia kuhubiri ubaya wa pombe. Mahubiri yana mahali pake, lakini hapa swali ni jingine. Hatuulizi kama kilabu kiwepo; twauliza kikae wapi. Hata yule apendaye bia yake hapendi kelele za walevi mlangoni pa zahanati alikolazwa mama yake.

Miji mikubwa imeshughulika na jambo hili kitambo. Huko Detroit, Marekani, wakubwa wa mji waliona kwamba majumba ya sinema za uchi na mabaa yakisongamana mtaa mmoja, watu wenye familia huhama na wahalifu huhamia. Mwaka 1972 waliamuru jumba la namna hiyo lisiwe ndani ya futi 1,000, yaani kama meta 300, kutoka majumba mengine mawili ya aina hiyo, wala ndani ya futi 500 kutoka makazi. Wenye sinema walishtaki. Mwaka 1976 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba mji una haki hiyo. Boston ilijaribu njia nyingine mwaka 1974: iliyakusanya yote katika mtaa mmoja. Haukupita muda mtaa huo ukavuma kwa wizi na visu.

Na majirani zetu? Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ilikataza leseni ya baa ndani ya meta 300 kutoka shule ya watoto. Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja wa Nairobi alitangaza kwamba vilabu vya usiku havitapewa leseni katika maeneo ya makazi.

Kwetu Tanzania, nyumba ya ukahaba ni kosa popote ilipo. Baa ni halali, lakini si kiholela. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yataka leseni na saa za kufunga. Kanuni za kelele za mwaka 2015 hutofautisha makazi na viwanda, na mchana na usiku. Zaidi ya hayo, sheria zetu za ardhi, ya mwaka 1999 na ya mwaka 2007, zimekipa kijiji uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yake.

Sisi wa Kilosa hatuhitaji kufundishwa maana ya mpango huo. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ng'ombe si kitu kibaya, wala shamba si kitu kibaya. Ubaya ni vitu hivyo kukutana pasipo mpaka unaoheshimiwa. Kilabu na shule ni vivyo hivyo.

Lakini tuwe wa haki. Yuko mama anayesomesha watoto kwa pombe anayopika. Yuko binti anayehudumu baa Mikumi, wanakolala madereva wa malori, naye ni mtoto wa mtu. Tukikifukuza kilabu hadi porini kusiko na taa wala jirani, binti huyo atarudi nyumbani usiku wa manane kwa njia gani? Basi mahali pafaapo ni mbali na shule, zahanati na vitanda vya watoto, lakini karibu na barabara yenye taa na macho ya watu.

Na jambo hili lipangwe kabla ya tofali la kwanza. Nyumba ikiisha kusimama, mwenyewe amekopa na ametumia. Kumwondoa ni kumfilisi, na kumwacha ni kuwatesa majirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu, na sheria ndogo za kijiji hupitia hapo kabla ya kupelekwa halmashauri ya wilaya. Mara nyingi wanaohudhuria ni wachache, nao huamua kwa niaba ya wanaolalamika nyumbani. Ndugu msomaji, mkutano ujao uliza jambo moja tu: katika ramani yetu, kilabu kiko wapi, na shule iko wapi? Kisha usiondoke mpaka umejibiwa.