Kodini Gari la Kulala, Lakini Kwetu Msipite Tu

Wasee, hii maneno ya kukodi gari la kulala imeshika kweli kweli. Kila nikifungua simu ni video ileile: mlango wa nyuma uko wazi, miguu iko juu ya godoro, mbele ni bahari ya Diani. Sichekeshwi. Mwezi wa pili hata mimi nilijitosa na marafiki watatu, na nasema bila kuficha kwamba kwa kijana asiye na pesa nyingi hakuna njia poa zaidi ya kushuka Pwani. Ugomvi wangu ni na vile tunavyoitumia.

Kwanza tuelewane ni gari gani. Siongelei zile Land Cruiser zenye hema juu ya paa zinazolipiwa kwa dola. Yetu ilikuwa Noah ya zamani. Viti vya nyuma vimetolewa, fundi amepiga kitanda cha mbao, juu kuna godoro, chini mnasukuma mabegi. Kuna meko, sufuria mbili, tangi la maji la lita 60 na taa ya kuchaji. Pazia ni leso. Choo hakuna. Elfu tano na mia tano kwa siku, tukachanga, wawili wakalala ndani na wawili kwa hema dogo pembeni.

Najua kuna mtu anasema, si mngepanda SGR tu? Nauli ya daraja la kawaida Nairobi mpaka Mombasa ni 1,500 tangu 2024, na unafika kabla hujachoka. Kweli kabisa. Shida ni kwamba treni haisimami kwetu. Vituo vya karibu ni Miasenyi upande wa Voi na Mariakani upande wa Mombasa. Katikati hapo unaona vichaka kupitia dirishani, halafu unarudi kwa simu.

Kwetu ni Mackinnon Road. Ndiyo, iko kaunti ya Kwale, ile ile ya Diani, na watu wengi hawajui. Hata jina lenyewe ni la njia tu. William Mackinnon alikuwa tajiri wa meli kutoka Uskochi, mkuu wa kampuni ya IBEA, ambayo miaka ya 1890 ilianza kuchonga barabara ya mikokoteni kuelekea bara. Yaani mji mzima umepewa jina la barabara ya kwenda kwingine, bana! Na tangu hapo kila kitu kinatupita: reli ya zamani, malori, SGR, hata bomba linalobeba maji ya Mzima kupeleka Mombasa.

Wanaosimama husimama msikitini kwa Sayyid Baghali Shah, pale kando ya reli. Alikuwa fundi kutoka Bara Hindi aliyekuja na ujenzi wa reli, na wazee husimulia kwamba karai lake la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wanaomba dua, wanatoa sadaka, wanawasha gari. Dakika kumi na tano.

Sasa gari la kulala linakupa kitu ambacho basi na treni haviwezi kukupa. Jua likizama, unaamua kulala hapo ulipo. Sisi tulilala uani kwa bibi yangu. Marafiki zangu, watoto wa Umoja na Kasarani, walikuwa wamepita Mackinnon labda mara kumi maishani na hawajawahi kuona nyota zake. Tulikula sima na mchicha, bibi akatuhadithia vile ndovu kutoka Tsavo wanavyoingia mashambani, tukalala saa tatu kama kuku. Hadi hapo safari ilikuwa tamu.

Ila nimeruka kitu. Jioni ile, kabla ya kufika kwa bibi, tulisimama kwa kioski cha maji tukajaza tangi. Lita 60, mitungi mitatu. Tukalipa. Halafu mmoja wetu akaona gari lina vumbi na tunataka kupiga picha, akamwaga mtungi mzima kwa kioo na mlango. Nikamsaidia. Nakubali, nilishika kitambaa mimi mwenyewe, huku akina mama wakiwa kwa foleni na mitungi yao mitupu, wakituangalia tu. Hakuna aliyesema neno. Ukame wa huku haukuji na kelele.

Habari ilifika kwa bibi kabla yetu, unajua vile miji midogo ilivyo. Hakunigombeza. Asubuhi alinipa kikombe kimoja cha kunawia uso akaniambia, "Mjukuu wangu, gari lenu lina kiu sana."

Nimetembea na hiyo sentensi mpaka Diani. Rafiki yangu alijitetea, "Si tulilipa?" Tulilipa, ndiyo. Lakini bei ya mtungi sisi tuliiona kama chenji, na ule mtungi ungepika na kuosha kwa nyumba ya mtu siku nzima. Kulipa hakukufanya maji yaongezeke kwa kile kioski.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na mnaweza kunipinga huko chini. Simameni kwetu. Laleni. Nunueni chai, mahamri, mbuzi choma, makaa hapana, wekeni mafuta kama kuna haja. Pesa ya Diani inajua njia ya Diani, haihitaji msaada wenu. Lakini maji njooni nayo, na gari lioshwe mkifika mnakoenda.

Na kwa sababu nitaulizwa: kabla hujatoa hata deposi, omba kuona bima, na uhakikishe ni ya gari la kukodisha, sio ya mtu binafsi. Fungua nyuma uone spea na jeki kwa macho yako. Sisi spea ilikuwepo, jeki tukaazima kwa dereva wa lori pale Taru. Usiwahi kuwasha jiko la makaa ndani ya gari mkiwa mmefunga vioo, hata kukiwa na baridi, huo moshi usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Na usilale kando ya barabara kuu katikati ya malori. Ingia mjini, salimia, tafuta mzee wa kijiji, omba nafasi. Utapewa. Ukienda msikitini, vaa vizuri na uache muziki.

Kutoka kwetu hadi pwani ya kusini siku hizi huhitaji hata feri ya Likoni, unashika Dongo Kundu unatokea ng'ambo. Diani tulikaa siku mbili, Msambweni moja, picha mmeziona.

Mwezi wa nane tunarudi na Noah ileile. Tumekubaliana kujaza maji Kibwezi, na nimenunua mitungi minne. Miwili itashuka kwa bibi.